Kamba niliyoifunga mwenyewe: kwa mzazi ambaye mtoto wake ameikataa sare ya Girl Guides

Mama mmoja wa Eldoret aliniandikia mwezi uliopita. Binti yake ana miaka 9, amekuwa Brownie, yaani mwanachama mdogo wa Girl Guides, chama cha wasichana kilicho ndugu wa skauti, mwaka mzima. Nyimbo anazipenda, kambi anaipenda, lakini kila Ijumaa sare ikishapigwa pasi tumbo linamuuma. "Nimempeleka hospitali mara mbili, daktari haoni kitu," akaandika. "Juzi kaniambia angekuwa mvulana tumbo lisingemuuma. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa faragha, na kwa ruhusa yake naliweka hapa jibu langu kwa urefu zaidi, maana si mzazi wa kwanza kuniuliza. Mimi si daktari. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, transjenda, yaani nilipozaliwa niliandikwa msichana, na mwili na moyo wangu vikachukua miaka mingi kupatana. Minne kati ya miaka hiyo niliimaliza ndani ya gauni la buluu la Girl Guides mjini Nakuru.

Baba alikuwa mtu wa reli, ametuhamisha kutoka Mombasa pamoja na bibi yangu. Shuleni kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990 skauti walikuwa wavulana, Girl Guides wasichana, na mwalimu aliposema "anayetaka ajipange," mistari ilikuwa tayari miwili. Nilijipanga nilikoelekezwa. Wavulana walituita "magaidi," mzaha ambao kila msichana wa Girl Guides Afrika Mashariki ameusikia na kila mvulana hudhani kaubuni yeye. Mimi mzaha ule haukuniumiza. Kilichoniumiza ni ile "ma", kwamba nilikuwa miongoni mwao.

Na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu transjenda hawapendi kulisikia: Girl Guides walinilea vizuri. Walinifundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuosha kidonda, kusoma ramani. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nikampa Bibi mkono wa kushoto, kwa sababu ndivyo skauti na Girl Guides wanavyosalimiana dunia nzima. Bibi, mtu wa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, aliutazama ule mkono kama niliyemletea panya mfu. Alinituma nikanawe, kisha akamuuliza baba kama hiyo ndiyo elimu anayoilipia karo. Beji yangu ya majani matatu ninayo hadi leo. Kwa hiyo, Mama Eldoret, shauri langu la kwanza ni usimtoe mtoto haraka. Huenda chama chenyewe hakina neno. Jua kwanza ni kipi ndani yake kinachomdunga.

Langu mimi nililijua Agosti 1995, kwenye kambi ya wilaya. Skauti walipewa upande wa mikaratusi, sisi upande wa bomba la maji. Mwalimu mmoja wa skauti akaamua pakati patiwe kamba, ifungwe vipande vya mifuko ya plastiki vionekane usiku, wavulana wasivuke. Akauliza nani anajua kufunga vizuri. Mwalimu wetu akanisukuma mbele, kwa fahari kabisa. Niliifunga kutoka mti hadi nguzo, mti hadi nguzo, kwa lile fundo linalozidi kukaza kadiri unavyolivuta, nikavuka upande wa pili kuijaribu. Ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze. Yule mwalimu akaipiga kidole, akaridhika, akaniambia, "Haya, sasa rudi kwenu."

Nilikuwa nimesimama kwenye mikaratusi, kati ya wavulana wanne waliokuwa wakichonga vigingi, na kwa dakika kama tatu hakuna aliyekuwa amenishangaa. Nikainama, nikapita chini ya kamba yangu mwenyewe. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli sikuambiwa.

Nakusimulia hili kwa sababu watu wazima hudhani mtoto wa namna hii anasumbuliwa na jambo kubwa, sijui falsafa, sijui mambo ya Ulaya. Wapi! Anasumbuliwa na vitu vidogo vinavyorudi kila siku: gauni, mstari, choo, hema, na mtu kuwaita "wasichana wangu" kila baada ya dakika tano. Muulize kimojakimoja. Usimketishe sebuleni na kumuuliza "wewe ni mvulana au msichana?", swali hilo lilikuwa zito hata kwangu nilipokuwa na miaka 30. Muulize mkiwa mnachambua mchele, macho yako yakiwa kwenye sinia. "Hivi kambini mnalalaje?" Kisha nyamaza. Akisema ni gauni, nenda kamwulize kiongozi kama suruali inaruhusiwa. Mara nyingi katazo ni mazoea ya shule tu, hakuna aliyeliandika popote. Akisema ni choo, hilo lina dawa, nitalifikia.

Tena usikimbilie kumpa jina. Wako wasichana tele wasiopenda gauni, wakikua wanabaki wanawake na mioyo yao imetulia. Wako pia wanaokua kama mimi. Ukiwa na mtoto wa miaka 9 huwezi kujua ni yupi, na huna haja ya kujua wiki hii. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba vyovyote atakavyokuwa, hatakumbuka kuwa wewe ndiwe uliyemshika masikio. Na siri yake ni yake. Usiipeleke kwa mchungaji, kwa imamu wala kwa shangazi kabla hujamwuliza mwenyewe. Nimewaona watoto walioombewa hadharani. Walichojifunza pale ni kutomwambia mzazi kitu tena.

Sasa, choo na bafu. Kambini tuliogea ndani ya uzio wa maturubai, wasichana kumikumi, saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa na miaka 12, mwili umeanza kunisaliti. Usiku wa kwanza niliamka saa kumi, nikajimwagia maji peke yangu gizani, meno yakigongana, na baridi ya Nakuru ya Agosti si ya kuchezewa. Usiku wa pili mwalimu wetu alinikuta. Alikuwa na tochi. Hakunimulika usoni, alimulika chini, kwenye miguu yangu iliyokuwa na matope, akasema tu, "Utaugua," akaenda zake.

Kesho yake alitundika leso yake ya korosho kwenye kona ya ule uzio, akatangaza mbele ya wote: "Anayetaka kuoga peke yake aogee huku. Sitaki kusikia maswali." Basi. Nilidhani nitakuwa peke yangu kwenye foleni. Kumbe! Alikuwepo msichana aliyekuwa kwenye siku zake, mwingine aliyeungua maji ya moto mgongoni utotoni, na mmoja aliyekuwa na haya tu, hana sababu. Siku ya mwisho foleni ya leso ilikuwa ndefu kuliko ile ya uzio.

Viongozi wa skauti na Girl Guides mnaonisoma, kama mtachukua kitu kimoja hapa, chukueni ile leso. Mwekeeni kila mtoto mahali pa faragha, msimtake mtoto aeleze ndipo apewe. Ukimwambia "wewe wa shida maalumu utaogea kwangu," umeshamtangaza kambi nzima. Na kazi zigawanywe kwa patroli, yaani vikundi vidogo vya kambi. Mkiwaweka wavulana kwenye mahema na wasichana kwenye masufuria mnaifunga kamba nyingine, hiyo ya jikoni.

Mpaka wenyewe una historia ya kuchekesha. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alianza mwaka 1907 na wavulana kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Septemba 1909, kwenye mkutano wa Crystal Palace mjini London, wakatokea wasichana wamevaa kofia za skauti, wakisema na wao ni skauti. Hawakuwa wamealikwa. Mwaka uliofuata kukaanzishwa Girl Guides, akapewa dada yake, Agnes, aongoze. Yaani mstari ule niliopangwa Nakuru ulichorwa kwa sababu kuna watoto walisimama mahali ambapo hawakutarajiwa. Tulipopelekwa Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, tukipitia Nyahururu, basi la wavulana mbele na letu nyuma, tulipangwa pande mbili za kaburi. Jiwe lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti maana yake ni "nimekwenda nyumbani." Jina la mkewe Olave, mkuu wa Girl Guides duniani, lipo papo hapo. Nilisimama pale nikiwaza kwamba hawa wawili wenyewe wamelala pamoja bila kamba.

Leo Kenya skauti wanapokea wasichana pia, kuanzia Sungura na Chipukizi, ngazi za watoto wadogo, kwenda juu, kwa hiyo Mama Eldoret ana mlango ambao shuleni kwetu haukuwepo. Mjaribishe. Ila usidhani umemaliza: mchana atakuwa skauti, jua likizama wataambiwa wasichana huku, wavulana kule. Uliza mapema kuhusu usiku.

Kwa walio ughaibuni, ninakoishi mimi sasa karibu na Seattle, mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2011, kule Colorado, mtoto wa miaka 7 alikataliwa na kiongozi mmoja wa Girl Scouts, ndio Girl Guides wa Marekani, kwa kuwa alizaliwa mvulana. Uongozi wa jimbo ukasema mtoto akijitambua kuwa msichana na familia ikamlea hivyo, anakaribishwa. Mwaka 2015 tawi la huku kwetu, Washington ya magharibi, lilirudisha mchango wa dola 100,000 kwa sababu mtoaji alitaka wahakikishe hazitawasaidia wasichana transjenda. Wakaomba umma uwafidie, wakapata zaidi ya dola 300,000. Mwisho wa 2016 mtoto wa miaka 8 wa New Jersey, mvulana transjenda, aliondolewa kwenye kundi lake la skauti wadogo, na Januari 2017 chama cha skauti wa kiume Marekani kikatangaza kuwa kitafuata jinsia iliyoandikwa kwenye fomu. Niliisoma habari ile kwenye maegesho ya duka la vyakula hapa Kent, barafu ikiyeyuka kwenye mifuko. Kisha Desemba 2025, Girlguiding ya Uingereza ikatangaza kwamba wasichana transjenda hawatapokelewa tena, kufuatia hukumu ya Mahakama ya Juu ya Aprili mwaka huohuo. Kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa jirani. Piga simu kwenye kundi lenyewe kabla ya kumnunulia mtoto skafu, na jibu ulitake kwa maandishi. Mtoto akirudishwa mlangoni akiwa ameshavaa sare, hilo halisahau.

Wale waliozaliwa wakaandikwa wavulana siwezi kuwasemea kwa uzoefu wangu. Rafiki yangu mmoja, mwanamke transjenda aliyekulia Ohio, alifika daraja la juu kabisa la skauti huko, lile linalotaka beji 21. Cheti anacho, kina jina la zamani, amekifungia kwenye droo pamoja na chaja zilizokufa. Nilimwambia aombe kibadilishwe. Akanijibu kwamba hajui bado kama anataka kibadilishwe au anataka tu watu waache kumuuliza. Nimemwacha. Kwetu tuliokwisha kukua, hakuna sheria kwamba lazima uuchome utoto wako au uutundike ukutani. Mimi beji yangu naivaa ndani ya koti, upande wa bitana.

Mwaka 2022 nilipata namba ya simu ya yule mwalimu wetu kupitia kwa binamu. Amestaafu, yuko kwake Njoro na kuku wake. Nilijitambulisha kwa jina nililo nalo sasa, hakunijua. Nikamtajia la zamani, nikamweleza kwa ufupi, moyo ukinienda mbio. Alinyamaza kiasi cha kunifanya nidhani simu imekatika.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaoga saa kumi," akasema.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya kambini, kama ile leso yake ya korosho ndiye mimi niliyeondoka nayo.

Ndiye mimi.