Jibu kwa dada wa Bukavu: kumuaga mbwa aliyezeeka nyumbani

Dada yangu, umeuliza mambo matatu kuhusu mbwa wako wa miaka 13 ambaye figo zake zimechoka: utajuaje kwamba siku imefika, je, uwe karibu naye daktari wa mifugo atakapomchoma sindano ya mwisho, na watoto waambiwe nini. Nakujibu kwa yale tuliyoyapitia hapa Goma na Bobi wetu.

Bobi alikuja kwetu akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya ndoo. Mlima Nyiragongo ulipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, yeye ndiye aliyetangulia kusimama mlangoni akibweka, na siku tano baadaye, tulipoamriwa kuuhama mji, alitembea nasi hadi Sake, akienda mbele na kurudi nyuma kana kwamba anawahesabu watoto. Nayaeleza hayo kwa sababu utaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba katika nchi yenye vilio vingi namna hii ni aibu kumlilia mbwa. Mimi nimezika ndugu na nimemzika Bobi, na sikuona kilio kimoja kikikivunjia kingine heshima.

Swali lako la kwanza ndilo linaloniuma, maana nilichelewa. Figo zikichoka, mbwa hunywa maji mengi kupita kawaida, hukojoa kila mara, hukonda, hutapika, na pumzi yake hutoa harufu kama ya mkojo. Bobi alipofika hapo, niliendelea kungoja anionyeshe mwenyewe kwamba amechoka, nisijue kwamba mbwa huficha maumivu na humtikisia mwenye nyumba mkia hata siku ambayo hawezi kuinuka. Wiki tatu nilizongoja zilikuwa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Kilichonifumbua macho ni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Miaka yote, mke wangu akikaanga sambaza, Bobi alikaa kizingitini mate yakimdondoka; jioni ile alipelekewa tatu kiganjani, akazinusa, kisha akalaza kidevu juu ya kiganja kile kile bila kuzigusa. Kwa hiyo andika vitu vitatu au vinne ambavyo mbwa wako anavipenda kuliko vyote, na kila jioni utie alama kwenye kalenda kama leo amevifurahia au la. Siku mbaya zikianza kuzidi zilizo njema, mwite daktari. Wakati huo wote usimpe dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofeni, hata jirani akikushawishi vipi, kwa kuwa zinamalizia figo zilizobaki.

La pili: kaa naye. Ikiwezekana daktari aje nyumbani, na umwombe waziwazi ampe kwanza dawa ya kumtuliza hadi asinzie kabisa, ndipo amchome ile ya pili kwenye mshipa. Mara nyingi hiyo ni pentobabitali, dawa ya jamii ya nusu kaputi, inayotolewa kwa kipimo kikubwa hadi moyo usimame. Mimi sikutayarishwa kwa yanayofuata, basi nakutayarisha wewe: macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na hata baada ya moyo kusimama mwili unaweza kuvuta pumzi moja au mbili nzito ambazo si za uhai. Nilipoiona pumzi hiyo nilipaza sauti kwamba amezinduka. Daktari hakunikemea, alinivalisha masikioni kifaa chake cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani pa Bobi, akaniacha nisikilize mwenyewe mpaka nikatosheka.

Kuhusu watoto, mimi nilitaka tuwaambie kwamba amepelekwa kwa babu yao Rutshuru. Mke wangu alikataa, na alikuwa na haki. Aliwaketisha usiku wa kuamkia siku hiyo akawaambia kwamba Bobi ni mgonjwa, hatapona, na kesho atakufa. Hakutumia neno kulala, kwa sababu mtoto mdogo akisikia kwamba mbwa amelazwa asiamke, naye ataogopa kitanda chake. Wa miaka sita aliuliza kama itamuuma, akajibiwa ukweli kuhusu sindano. Mkubwa alitoka nje, nasi tukamwacha.

Hukuuliza kuhusu kaburi, lakini lifikirie mapema. Udongo wenu mwekundu unachimbika. Hapa kwetu, chini ya udongo wa kina cha kiganja kuna mawe ya volkano, hivyo tulishinda na mtarimbo tangu asubuhi, na udongo wa kufukia ukaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Lifike kina cha mita moja hivi, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini, na mbwa mwingine akifukua na kula nyama hiyo anaweza kufa. Mwanangu mdogo alipanga mawe meusi juu yake, akaacha upande wa kichwa wazi ili Bobi aendelee kuuona mlango.

Ukishapatana siku na daktari, iandike hapa, dada. Asubuhi hiyo tutakuwa tunakukumbuka, mimi na mke wangu.