Jibu: Kijana wangu wa miaka 2 na miezi 3 ana maneno matatu tu, nisubiri?

Usisubiri. Hata Idi usingoje ipite. Mama mkwe kakwambia wavulana huchelewa. Dada, maneno hayo nimeyala miaka miwili na mpaka leo hayajashuka.

Umempima masikio? Sisemi kumwita jina ukiwa jikoni. Kwa mashine.

Sisi tuko Langoni, vichochoro vya Lamu unavijua. Siku moja punda wa mchanga wanamjia mwanangu kwa nyuma, mwenyewe anapiga kelele "pisha! pisha!", watu wote wamejibana ukutani, mtoto yuko katikati anachezea kifuniko cha chupa. Hakugeuka. Nikambeba huku nacheka, nikawaambia watu huyu shujaa, hata punda hamtishi. Punda pale nilikuwa mimi.

Alipotimiza miwili nilimpeleka kwa bwana mmoja wa kliniki ya kulipia. Akatoa funguo mfukoni, akazitikisa kando ya uso wa mtoto. Mtoto kageuka. "Anasikia, mvivu tu huyu, mrudishe akifika minne." Nani hageuki akiona kitu kinamemeteka? Na pesa akapokea, na ahsante nikampa juu! Shangazi naye akataka akatwe kilimi. Hilo nilikataa, sifa yangu pekee katika kisa hiki.

Kumbe nyuma ya ngoma za masikio yalijaa maji mazito, bila usaha, bila maumivu. Mlango ukibamizwa anashtuka, lakini s, f na t hazimfikii. Neno ulilolisikia nusu utalitamka vipi? Tulijua ana miaka minne na ushei, Mombasa, baada ya boti mpaka Mokowe na basi la kutwa. Wakamtia vijibomba masikioni. Usiku ule akanyoosha kidole kwenye feni, kaduwaa. Hakuwahi kuisikia.

Kisha therapi ya usemi, na hapo ndipo nilipoilipa ile miaka miwili. Mwalimu wake alinikataza ile "sema maji ndipo nikupe". Nikae chini uso kwa uso, nitaje anachokitazama, halafu ninyamaze nihesabu mpaka kumi. Mimi, kunyamaza! Mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeanza nasi wiki ile ile alituacha mbali. Wangu sasa ana saba na hanyamazi, lakini madrasani walishampa jina la Bubu, na mpaka leo halijamtoka.

Mtoto wa miaka miwili hutarajiwa awe na maneno kama 50 na aanze kuyaunganisha, "baba njoo", "taka maji". Wako ana matatu, unaniuliza usubiri?

Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto, msiache hata moja.

Masikio kwanza. Na huyo utakayemwendea akitoa funguo, mbebe mwanao uondoke.