Kwa mtafiti anayeanza Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoanza kuchunguza masuala ya rangi na jinsia huku mkitetea haki mitaani, msidhani kwamba rangi ni habari ya Marekani peke yake. Mji wetu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulipangwa kwa rangi: Wazungu kwao, Waafrika upande wa Kamalondo, na katikati eneo lililoachwa wazi kwa makusudi. Katika kambi za wafanyakazi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni, nyumba ilifuata mkataba wa kazi wa mwanamume, na mke aliishi humo kwa jina la mumewe. Nilipoanza kuwasikiliza wajane wa mtaa wa Katuba, nilisikia mawazo yale yale vinywani mwa mashemeji: nyumba ni ya ndugu yetu, wewe ulikuja na sanduku tu.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Katika tasnifu yangu nilificha jina la mama mmoja, lakini nikaacha mwembe wa uani, cherehani yake barazani na idadi ya watoto wake. Ukoo ukamtambua, na kesi yake ya kudai nyumba ikazidi kuwa ngumu. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua matembele bila kuniangalia, kisha akauliza: «Na mimi hayo maandishi nilisomewa lini?»

Tangu siku ile, kabla ya kupeleka sura yoyote chuoni, huisoma kwa Kiswahili mbele ya waliozungumza, nao hufuta wanachotaka, hata kama ndicho kilichonipendeza kuliko vyote. Ninapomsindikiza mjane kwa shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, daftari hubaki nyumbani, kwa kuwa siku hiyo nimekwenda kusimama naye. Walimu wengine watawaambia kwamba mmeegemea upande. Andikeni waziwazi mko upande gani, na hoja za mashemeji mziandike kwa uaminifu uleule, maana wapo wanaowalipia watoto wa marehemu ada ya shule.

Jifunzeni pia sheria. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, lakini imeandikwa kwa Kifaransa cha mahakamani. Nilipoifafanua mbele ya wajane na kutamka «haki ya matumizi», ni mama yule yule aliyenikatiza: «Sema haki ya kubaki. Hapo tutakuelewa.»