Kabla hujasimama na habari za Mithras, nisikilize

Mleta mada, futa ukurasa wako wa tatu wote. Umeuliza mambo manne: ni maelezo gani mengine juu ya kufufuka kwa Yesu yalikuwapo zama za Kanisa la mwanzo, usome vitabu gani, uanze na hoja ipi katika mdahalo wa Jumamosi, na umjibu nini mchungaji atakayekasirika. Lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba Wakristo walinakili habari za Mithras, mungu wa kipagani wa zama za Roma, ati aliyezaliwa na bikira, akafa na kufufuka siku ya tatu, uji wangu ulipoa mezani, kwa maana sentensi hiyo niliwahi kuitamka mimi mwenyewe kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi uliojaa.

Niliipata kwa mhadhiri mmoja wa video za mtandaoni, mwenye suti iliyonyooka na rafu ya vitabu nyuma yake, ambavyo leo naamini hajawahi kukifungua hata kimoja. Alitaja mifanano kumi na miwili kati ya Yesu na Mithras, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mahakama, bila kusema ni nani aliyeiandika wala mwaka gani. Nami, msomi wa chuo kikuu nisiyedanganyika, nikaichapa na kutoa nakala 200 kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya chumba.

Nilipomaliza kusema, mzee mmoja wa safu ya mbele, katekista mstaafu, alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye karatasi yangu hadi namba 1, ile ya kuzaliwa na bikira, akaniuliza taratibu kama nimewahi kuona sanamu za Mithras. Nikajibu kwamba mambo haya yanajulikana. Akasema kwamba katika sanamu hizo Mithras anachomoza kutoka kwenye mwamba akiwa kijana mzima, mkono mmoja ameshika kisu na mwingine mwenge. "Sasa mwanangu, bikira ndio huo mwamba?" Ukumbi ulicheka mpaka fundi wa mitambo akaacha mashine zake. Kisha akamalizia kwa upole uliouma kuliko kicheko: katika maandishi na michoro iliyobaki, Mithras anamchinja fahali, wala hakuna mahali anapokufa yeye, na ushahidi wa ibada yake katika Dola la Roma unaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 1, ilhali katikati ya miaka ya 50 Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba Kristo alifufuka siku ya tatu, tena akisema kwamba habari hiyo naye aliipokea. Tangu siku hiyo marafiki zangu huniita Mithra, nami huitika, maana nikikataa watasimulia upya.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hoja za kweli zilikuwapo, na zina wenyewe. Mathayo 28 inakiri kwamba Wayahudi walivumisha kuwa wanafunzi waliuiba mwili usiku, na karne iliyofuata Justin, mwandishi Mkristo, bado alikuwa akilalamikia uvumi huohuo. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo, mnamo mwaka 200, anaitaja kwa kejeli hadithi ya mtunza bustani aliyeuhamisha mwili ili wageni wasije kumkanyagia saladi zake. Hebu fikiri, ningesimama na bustani ya saladi, ningecheka mimi kwanza. Celsus, mpagani aliyeandika mnamo mwaka 178, alidai kwamba shahidi mkuu alikuwa mwanamke aliyepagawa, na kwamba wengine waliota au waliona walichokitamani. Tunayajua maneno yake kwa kuwa Origen, msomi wa Kikristo, aliyanakili ili ayapinge, miaka kama 70 baadaye. Askofu Irenaeus naye anasimulia kwamba kwa mujibu wa Basilides, mwalimu aliyehesabiwa mzushi, aliyesulubiwa ni Simoni Mkirene, huku Yesu amesimama kando akicheka. Na kama huwezi kuishi bila miungu ya kipagani, basi mchukue Justin, aliyemwandikia kaisari Antoninus Pius kwamba Wakristo hawasemi jambo geni kwa watu wanaosimulia jinsi Asclepius, mungu wao wa uponyaji, alivyopigwa na radi akapaa mbinguni. Huyo ni Mkristo anayelinganisha mwenyewe, katikati ya karne ya 2, wala hahitaji suti.

Kwa hiyo, pembeni ya kila hoja utakayobaki nayo andika kwa kalamu jina la aliyesema na mwaka aliosema. Penye nafasi tupu, kata hoja nzima, hata kama ndiyo inayopigiwa makofi. Fanya hivyo leo, kabla hujafika kwa mtoa nakala. Zangu zilizobaki zi chini ya kitanda. Nilimpelekea mama muuza maandazi azifungie, akazirudisha, akasema wino unaachia.