Kabla hujaenda kuwahudumia wakimbizi ughaibuni, soma haya ya saa tatu

Nikipita Mkunguni jioni hapa Lamu, hakosi kijana wa kuniuliza nilivyopata uanagenzi Marekani. Ya viza nitayasema, lakini kwanza nisimulie kuhusu saa tatu.

Nilikaa miezi sita Lexington, jimbo la Kentucky, kwenye shirika dogo linalowasaidia wakimbizi waliopewa makazi, wengi wao Wakongomani. Kilichonipa nafasi ni Kiswahili. Wiki ya kwanza nikamwandikia mama mmoja miadi ya daktari wa mtoto: Jumanne, saa tatu. Kwetu hiyo ni asubuhi, nani atauliza? Mama akaja alasiri, mtoto mgongoni, theluji viatuni, kwa kuwa kila saa aliyoandikiwa tangu afike ilikuwa ya Kizungu. Nafasi ilishapita, ikabidi asubiri wiki tatu nyingine. Hakunilaumu. Alisema "aksanti", akaikunja ile karatasi na kuirudisha kwenye mfuko wa plastiki wenye herufi IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, alimotia karatasi zote za maisha yake. Tangu siku hiyo naandika 9:00 na kuchora jua pembeni.

Ndugu zangu, sisi watu wa Amu twajivunia lugha yetu, na ni haki yetu. Lakini ukimsikia mzee wa Kikongo akisema "batoto" kwa watoto au "franga" kwa pesa, usimsahihishe. Mimi nilimsahihisha mmoja mbele za watu, na kuanzia hapo akawa ananijibu kwa kutikisa kichwa tu. Nilihitaji wiki nyingi za kumwamkia na kukaa naye ndipo akazungumza nami tena.

Kwenye ukalimani, sema alichosema mwenyewe, kwa ukamilifu wake. Usimpambie jibu hata ukiona linamharibia, na yaliyosemwa mle chumbani yaishie mle. Jamii ni ndogo, na siri ikitoka hakuna atakayekuja tena ofisini kwenu.

Na msikubali kabisa mtoto awe mkalimani wa mzazi wake hospitalini. Nilimkuta msichana wa miaka 11 akitafuta neno la kumweleza mamake ugonjwa wa kizazi, macho chini, vidole vikisokota ushungi. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kutoa mkalimani bila malipo, ila wageni wengi hawajui. Kazi yenye faida kubwa kuliko zote nilizofanya kule ni kuwafundisha akina mama sentensi moja tu ya Kiingereza, ya kudai mkalimani wa Kiswahili, tukairudia mpaka ikatoka bila woga.

Mengine utayakuta kwenye fomu. Utaona familia nzima imezaliwa Januari 1: ndiyo tarehe wanayoandikiwa wengi wasiojua siku yao, basi usishangae kwa sauti. Utaona pia barua za kudai nauli ya ndege, maana tiketi iliyowaleta ni mkopo, hauna riba lakini hulipwa. Wapo wanaozitupa wakidhani ni matapeli. Wasomee pole pole.

Sasa viza. Niliyotumia mimi ni J-1 ya mwanagenzi: uwe bado mwanafunzi wa chuo nje ya Marekani, au uwe umehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita, na kukaa hakuzidi miezi 12. Kabla ya ubalozi lazima shirika mdhamini linalotambuliwa na serikali ya Marekani likupe DS-2019, fomu ya kuthibitisha kuwa unastahili viza hiyo. Uliza mapema kama kuna posho, kwa kuwa mashirika mengi ya aina hii hayalipi, na kodi ya nyumba kule haina huruma. Mimi nilichangiwa na wajomba zangu, na bila wao nisingemaliza mwezi wa pili.

Anayetaka kuiona barua yangu ya maombi anifuate Langoni Jumamosi baada ya Isha, nitakuja nayo.