Siku 16 za kusubiri majibu ya alama ya unyayoni

Binti yangu ndiye aliyeiona. Ilikuwa siku moja kabla ya sendofu ya mdogo wangu, amenikalisha uani ananisugua miguu kwa jiwe. Akaacha kusugua. "Mama, mbona huu wino hautoki?" Nikadhani ni rangi ya kitambaa, maana mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro na kazini huwa navua viatu. Akasugua tena. Alama ikabaki pale pale, karibu na kisigino cha kushoto, ukubwa wa punje ya kunde, upande mmoja nyeusi tii na upande wa pili kahawia, kingo zimechakaa kama kitambaa ambacho hakijapigwa overloki.

Daktari wa ngozi hakunificha. Alisema alama nyingi za nyayoni hazina neno, ila hii, kwa rangi na kingo zake, lazima ikatwe kipande kikapimwe. Akanieleza na jambo ambalo sikuwahi kulisikia: sisi wenye ngozi nyeusi, melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo kali, hutupata kwa nadra, lakini ikitupata mara nyingi hukaa kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, hata pasipopigwa na jua. Ndugu zetu wenye ualbino ndio jua linawaunguza na kuwaletea saratani za ngozi wakiwa bado vijana. Ikapigwa sindano ya ganzi, kikakatwa kipande kidogo kuliko kifungo cha shati, kikatumbukizwa kwenye chupa yenye dawa, nikashonwa nyuzi mbili. "Majibu wiki mbili, tutakupigia. Sampuli inaenda Dar." Yeye alisema Dar, mimi nikasikia Ocean Road, ile hospitali ya saratani.

Sikuwa nimejiandaa kwa wiki hizo mbili. Simu niliingia nayo hadi bafuni. Namba ngeni ikiita, mikono inalowa jasho. Kumbe ni mteja anaulizia gauni lake. Nilikata kitenge cha watu nikasahau kuacha nafasi ya mshono, jambo ambalo halijanitokea tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Usiku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Saa nane naamka, naingia Google, natazama picha za nyayo za watu, kisha nawasha taa ya simu namkagua mwanangu aliyelala. Nikaona mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba chake, nikakaa sakafuni hadi kunakucha. Baadaye daktari aliniambia watu wengi wenye ngozi nyeusi wana mistari hiyo ya kawaida, mara nyingi kwenye kucha zaidi ya moja. Wa kuangaliwa ni ule mmoja uliozuka karibuni na unaozidi kupanuka. Laiti ningeuliza mapema.

Kijana mmoja fundi simu, jirani yangu pale kibandani, kwa nia njema kabisa akanikumbusha kwamba hata Bob Marley melanoma yake ilianzia kidoleni mguuni. Ni kweli. Iligundulika mwaka 1977 chini ya ukucha, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Usiku ule nilihesabu hiyo miaka minne na kuona kwamba mwanangu angekuwa kidato cha pili.

Siku ya 14 haikuita simu. Ya 15 pia kimya. Nikajiaminisha kwamba habari ni mbaya ndiyo maana wanasita kunipigia, na niseme ukweli, nilifikia mahali pa kuamua nisiende kabisa. Dada yangu ndiye aliyekuja asubuhi ya siku ya 16 akanivalisha kanga na kunipandisha bajaji. Pale dirishani karani akafungua faili: "Mama, majibu yako yapo hapa tangu wiki iliyopita. Tunapiga hupatikani." Namba yangu ilikuwa imeandikwa na tarakimu moja imekosewa. Siku saba nimekaa nikijizika mwenyewe, karatasi iko kwenye droo.

Majibu hayakuwa melanoma. Zilikuwa seli zisizo za kawaida, na ushauri ukawa alama yote iondolewe pamoja na ngozi kidogo ya pembeni, kisha ipimwe upya. Kwa hiyo nikasubiri mara ya pili, siku 19. Woga ulikuwepo, lakini safari hii nilikula na nililala, na yaliyonisaidia ndiyo nataka uyapate wewe unayesubiri sasa hivi.

Kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari, uliza. Sampuli inakwenda maabara gani? Namba yake ya maabara ni ipi? Nikifika siku fulani sijapigiwa, nimwone nani? Mwombe karani akusomee namba yako ya simu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na uache namba ya mtu wa pili. Mimi niliyaandika yote kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, kwa sababu ndilo halipotei. Uliza pia kama kuchelewa kwa wiki mbili tatu kutabadilisha matibabu. Daktari wangu alinijibu kwamba kwangu hakutabadilisha, na jibu lile lilinishushia mzigo mkubwa kuliko "usiwe na wasiwasi" zote nilizoambiwa.

Uliza hata kile kipande kinafanywa nini huko. Kinatoka kwenye fomalini, ile dawa ya kwenye chupa, kinakaushwa maji yake, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinatiwa rangi ya zambarau na pinki, halafu daktari wa patholojia anavitazama kwa hadubini. Wakati mwingine anaomba rangi nyingine, au anampa mwenzake naye aangalie. Hizo ni siku, na kuchelewa peke yake hakusemi chochote kuhusu jibu. Tangu nijue hivyo, nikishtuka usiku sikuona tena jeneza. Niliona kipande changu kwenye nta, kwenye foleni, kama vitambaa vya watu vinavyosubiri zamu kwenye rafu yangu.

Mweleze mtu mmoja, na umchague vizuri. Mara ya kwanza niliwaambia watu tisa, kila jioni nikawa natoa taarifa kwa wote tisa. Mmoja alinisihi nipake dawa ya kienyeji ikauke. Nashukuru Mungu nilikataa, kwani kidonda kilichokatwa hakitaki kuchezewa. Mara ya pili nilimwachia dada kila kitu: yeye ajibu ndugu, yeye ampigie mama majibu yakitoka. Usiku wa kwanza alinishika mkono akasema, "Hata mimi naogopa, mdogo wangu." Nililala.

Simu iache sebuleni usiku. Kazi ya mikono ifanye, hata kupepeta mchele. Sala zako ziendeleze. Lakini ukiona hulali kabisa, chakula hakipiti, moyo unadunda mchana kutwa, rudi kamwambie daktari na hilo, maana nalo linatibika.

Siku ya 19 hatukungoja simu. Tulikwenda na daftari, tukataja namba ya maabara, karatasi ikatoka. Tuliisoma tumesimama koridoni, bega kwa bega. Kingo zote safi, yaani pembeni mwa kilichokatwa hakukubaki seli zisizo za kawaida. Dada aliisoma mara tatu, ndipo akatoa simu kumpigia mama.