Mtoto Amevunja Kioo cha Gari: Kabla Hujatuma Pesa

Ploti nyingi za Nairobi hazina uwanja, kwa hivyo mpira unachezewa pale magari yanapoegeshwa. Niko kwenye kamati ya wapangaji huku kwetu Donholm, na kesi za uharibifu wa watoto nimeziamua hadi nikazizoea: kioo cha nyuma cha Probox, dishi la televisheni, tangi la maji lililotobolewa, ukuta uliopakwa rangi mpya ukachorwa kwa makaa siku hiyohiyo. Mlalamishi huja na maneno yaleyale: "Mama Fulani, mtoto wako ameniharibia, na sheria inasema mzazi hulipa."

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Mahakama zetu zilirithi kanuni za fidia kutoka Uingereza, na katika kanuni hizo mzazi habebeshwi kosa la mtoto kwa sababu tu ni mwanawe. Anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba mzazi mwenyewe alizembea: alijua na hakuzuia, alimpa mtoto kitu cha hatari, alimwacha bila mwangalizi akiwa bado mdogo mno, au alimtuma. Nina shemeji anayeishi California ambaye hubishana nami sana kuhusu hili, kwa kuwa huko mzazi hulipia uharibifu ambao mtoto amefanya makusudi, hadi kiwango kilichowekwa na sheria yao. Namwambia hayo ni ya huko.

Uzembe ndio kiini cha mambo, na hapo ndipo wazazi wengi hujidanganya. Chukua mtoto wa miaka minane anayecheza mpira mahali ambapo keateka mwenyewe huwaruhusu watoto wacheze. Mpira unaruka, kioo kinavunjika. Mama yake yuko kazini, dada wa nyumba anawaona kutoka kwenye balkoni. Sioni hakimu akimlaumu mama huyo kwa urahisi. Sasa chukua kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye manati. Majirani wamemlalamikia kwenye kundi la WhatsApp mara kadhaa, na mama yake amejibu kwa kikatuni cha kucheka. Jiwe lilipovunja dirisha la ghorofa ya pili, nilimwambia mama huyo, kwa heshima zote, alipe wala asibishane. Ujumbe ule ulikuwa bado upo kwenye simu ya kila mpangaji, na hakuna ushahidi wa kwamba mzazi alijua unaoshinda huo. Ukipewa malalamiko kuhusu mtoto wako, chukua hatua inayoonekana: mnyang'anye hayo manati, kisha ujibu kwamba umeyachukua.

Gari ni habari nyingine. Kijana wa miaka kumi na sita akiendesha gari lako hapo uani na kugonga la jirani, usitafute kichaka cha kujificha. Leseni ya gari haitolewi kabla ya miaka 18, na mzazi aliyempa ufunguo, au aliyeuacha mezani akijua tabia ya kijana, amezembea yeye mwenyewe. Bima nayo ikishajua dereva hakuwa na leseni, usitegemee italipa.

Kuna mlango mwingine ambao watu huusahau, nao ni mkataba wa nyumba. Jirani yako anaweza kukosa njia ya kukudai, lakini mwenye nyumba akawa nayo, kwa sababu ulitia sahihi karatasi inayosema utalipia uharibifu wa watu wa nyumbani mwako. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha uzembe. Sinki iliyopasuka, mlango uliong'olewa bawaba, vyote vitakatwa kwenye dipositi. Usomeni mkataba kabla ya kuhamia, na mpige picha kila chumba kikiwa kitupu.

Shule pia hudai. Baada ya mawimbi ya moto wa mabweni ya 2016 na 2021, wazazi wengi walijikuta wakigawana gharama ya majengo hata kama watoto wao hawakushika kiberiti. Kwangu mimi hiyo ni adhabu ya jumla iliyovishwa joho la mchango. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa maandishi mwanawe ametuhumiwa kwa lipi.

Polisi hutajwa mapema mno katika kesi hizi. "Nitampeleka kituoni!" Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai hata kidogo, na yule aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kwamba hawezi kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhishwe vinginevyo. Tena, kosa la kuharibu mali ni la makusudi. Mpira uliopotea njia haumo. Katiba nayo, kwenye kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zimeshindikana. Kwa hivyo mlinzi hana ruhusa ya kumfungia mtoto getini hadi baba yake arudi, na mwambieni hivyo bila kupiga kelele. Pia msimchape mtoto mbele ya mwenye gari ili kumpoza. Nimeona likifanyika, na bei ya kioo haikushuka.

Je, ulipe hata kama sheria haikulazimishi? Mimi nasema ndiyo, mara nyingi, walau sehemu. Mtakutana kwenye ngazi kesho. Ila lipa bei ya haki. Omba makadirio ya mafundi wawili. Kule Kirinyaga Road kioo cha mtumba na kipya vina bei tofauti kabisa, na gari lililokuwa na kioo cha mtumba halidai kipya. Fidia humrudisha mtu pale alipokuwa, haimpandishi. Angalia picha za zamani pia, kwani nyufa zina umri. Na muulize kwa upole kama bima yake kubwa inagharamia vioo, maana nyingi huwa na kiasi kilichotengwa kwa hilo.

Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni moja, na inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Mlalamishi akisikia hivyo mara nyingi hupunguza sauti, na mzazi naye huacha kujifanya hamjui mtoto wake.

Mkielewana, andikeni. Tarehe, kilichoharibika, kiasi, na maneno haya: "Malipo haya yametolewa kwa ujirani mwema, si kukiri kosa, na hakuna dai lingine lililobaki." Pande zote mbili zitie sahihi, keateka au mzee wa Nyumba Kumi awe shahidi, kisha utume kwa M-Pesa badala ya kutoa pesa mkononi. Karatasi hiyo itunze kwa miaka mitatu, kwa sababu huo ndio muda ambao sheria inampa mtu kuja kudai fidia ya uharibifu wa namna hii.